Bega la golikipa: shajara ya upasuaji na kurudi golini

Jumapili, 26 Januari 2025. Mara ya tatu

Bega la kulia limetoka tena. Ilikuwa krosi ya kawaida tu. Nimeruka, nimeugusa mpira kwa ncha za vidole, straika wao akanipitia mkono ukiwa juu na umerudi nyuma. Nikasikia "kluk", mkono ukabaki unaning'inia kama si wangu.

Kwa atakayefuata shajara hii: nina miaka 36, nafundisha Fizikia sekondari, nadaka timu ya maveterani hapa Morogoro. Natumia mkono wa kulia.

Kosa la kwanza ni la mwaka 2021, bega lilipotoka mara ya kwanza. Nilianguka nikatanguliza kiganja kwenye uwanja mkavu. Wachezaji wenzangu wakanirudishia palepale: mmoja kaniwekea kisigino kwapani, wawili wakavuta mkono. Likaingia, watu wakapiga makofi, nami nikaenda kunywa soda. Sikupiga picha wala sikuona daktari. Baada ya wiki tatu nikarudi golini. Mara ya pili, 2023, sikuwa hata uwanjani, nilikuwa napandisha begi kwenye keria ya basi pale Msamvu.

Safari hii nimekataa kuvutwa. Nimefungwa mkono kwa kanga ya jirani, nikapelekwa hospitali. Kabla ya kulirudisha walipiga eksirei kuona kama kuna mfupa uliovunjika, kisha daktari akanigusa-gusa ngozi ya nje ya bega, pale askari anapobandika cheo, akiniuliza kama nasikia. Kuna mshipa wa fahamu unaozunguka hapo chini, na wavutaji wa uwanjani wanaweza kuuumiza wasijue.

Gharama: eksirei 25,000.

Alhamisi, 20 Februari 2025. MRI, Dar

Nimekwenda kupigwa MRI, picha ya kuona ndani ya bega, kwa treni ya SGR kutoka Kihonda, nauli 13,000 kwenda na 13,000 kurudi. Basi ni nafuu kidogo, lakini matuta ya barabarani bega langu linayahesabu moja baada ya jingine.

Daktari wa mifupa alinieleza hivi: kichwa cha mfupa wa mkono ni chungwa, na tundu linamokaa ni kisahani cha chai. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni ukingo wa gegedu (mfupa laini) unaokizunguka kisahani, pamoja na ligamenti (kamba zinazounganisha mifupa) zilizoshikizwa kwenye ukingo huo. Wangu umebanduka upande wa mbele na chini. Jeraha hili linaitwa Bankart, kwa jina la daktari wa London aliyelieleza mwaka 1923. Nyuma ya chungwa nako kuna kibonyeo, kwa sababu kila bega linapotoka linagonga ukingo wa kisahani.

Swali langu lilikuwa moja: mazoezi peke yake hayatoshi? Akasema yangetosha kama ningekubali kuacha kudaka. Misuli inasaidia, ila ukingo uliobanduka haurudi mahali pake kwa kunyanyua vyuma. Na kwa kuwa mfupa wa kisahani haujalika sana, sihitaji ule upasuaji mwingine wa kuhamisha kipande cha mfupa kuja kuziba pengo. Wangu utafanywa kwa matundu madogo na kamera.

Gharama: MRI 450,000, nauli 26,000.

Ijumaa, 11 Aprili 2025. Siku ya tatu baada ya upasuaji

Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, mnisamehe.

Nilifanyiwa Jumanne tarehe 8. Kaka yangu alinisindikiza. Matundu matatu, nanga tatu. Nanga ni vijiparafujo vidogo vyenye uzi, vinapigiliwa kwenye ukingo wa mfupa na uzi unaufunga ule ukingo wa gegedu mahali pake. Zinalipiwa moja moja, na bima yangu haikuzihusu, kwa hiyo ulizeni mapema zitatumika ngapi.

Mambo mawili ambayo ningependa mtu angeniambia kabla.

La kwanza ni ganzi. Mbali na nusu kaputi, walinichoma ganzi ya shingoni ya kuzima mkono mzima. Nilipozinduka sauti inakwaruza na kope la jicho la kulia limelegea. Nikajua nimepata kiharusi. Kaka yangu naye akajua hivyohivyo, akatoka mbio kumwita nesi. Nesi akacheka: dawa inasambaa kidogo kwenye mishipa ya jirani, asubuhi itakuwa imeisha. Na kweli iliisha.

La pili ni kosa langu. Mkono ulikuwa gogo, hauumi hata chembe, nikaona vidonge vya kazi gani. Nikalala bila kumeza. Saa nane usiku ganzi ikaachia kwa mara moja. Sitaeleza. Dawa inamezwa kwa saa zake, kabla maumivu hayajafika, maana yakishafika inachukua muda mrefu kuyarudisha nyuma.

Gharama: nanga 3 × 420,000 = 1,260,000. Dawa za nyumbani 38,000. Mkanda wa kuning'inizia mkono 12,000. Nauli ya watu wawili 52,000.

Jumatano, 23 Aprili 2025. Nyuzi zimetolewa

Wiki mbili zimepita. Vidonda vimefunga. Yaliyonisumbua hayakuwa bega.

Mkanda: ule wa 12,000 una utepe mwembamba uliokuwa unanikata shingo, na kiganja kilining'inia chini kuliko kiwiko. Vidole vikavimba kama ndizi mshale. Nimenunua mwingine wenye mto mdogo unaokaa kiunoni, 45,000. Ningeanza na huu.

Kulala: kulala chali bega linarudi nyuma, na huko ndiko halitakiwi kwenda. Nilipanga mito minne nilale nimeegemea, lakini kila saa kumi usiku mmoja ulikuwa sakafuni. Mke wangu ndiye aliyetatua. Alijaza pumba za mpunga nusu kiroba, akashona mdomo, akakiegemeza ukutani chini ya godoro. Pumba zinachukua umbo la mgongo na hazitelezi. Usiku wa kwanza nililala saa tano mfululizo.

Kwapa: masika haya, joto na unyevu, siku ya sita ngozi ilianza kuchubuka. Tiba: unainama mbele, umeshika meza kwa mkono mzima, ule mbovu unauacha uning'inie wenyewe. Kwapa linafunguka bila kunyanyua mkono. Unaosha, unakausha, unaweka kipande cha kanga kuukuu. Baadaye fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akaniambia mkao huohuo ndio zoezi la kwanza: ukishaning'inia, unauyumbisha mwili na mkono unafuata kama pendulamu.

Kiwiko: hapa nimekosea. Niliambiwa nikinyooshe na kukikunja mara kadhaa kila siku. Niliogopa, nikaacha. Leo kiwiko hakinyooki vizuri na fizio amenitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani. "Mwalimu, tulikushona bega. Kiwiko kilikukosea nini?"

Gharama: mkanda wa pili 45,000, nauli ya wawili 52,000.

Jumanne, 20 Mei 2025. Mkanda umevuliwa

Wiki sita. Mkono wa kulia umekonda hadi saa inazunguka. Daktari ameruhusu kuunyanyua, kwanza kwa msaada wa mkono mwingine. Kuugeuza nje bado ni kidogokidogo.

Kipimo nilichojitengenezea: nimesimama wima karibu na ukuta wa sebuleni, nyuma ya mlango, nikapandisha vidole kama buibui mpaka vilipokwama. Nikachora mstari kwa chaki na tarehe. Kulia: sentimita 128 kutoka sakafuni, chini hata ya bega lenyewe. Kushoto: 221. Mke wangu ameuliza kama ukuta huo utapakwa rangi na mimi au na waliohusika.

Nimefunga kapi juu ya fremu ya mlango wa nyuma, kamba ikapita, mkono wa kushoto unavuta chini na wa kulia unapanda. Dakika tano, mara tatu kwa siku. Mara ya kwanza nilikaa nikiutazama mlango, kamba ikawa inauvuta mkono mbele na bega linapanda hadi sikioni. Geuza kiti, mgongo uwe mlangoni.

Jumatatu narudi kazini. Ubaoni ataandika kiranja wa darasa.

Gharama: nauli 26,000, kapi na kamba 8,500.

Jumanne, 17 Juni 2025. Nimeharibu

Entri hii ni ndefu kwa sababu makosa kama haya ndiyo niliyoyafungulia shajara.

Hadi Ijumaa mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kupita ratiba. Mstari wa chaki ulikuwa 159 wiki ya nane, na 178 Ijumaa. Maumivu: hakuna. Nalala ubavu, navaa shati bila msaada, naandika ubaoni mwenyewe hadi usawa wa pua. Kila anayeniuliza namjibu "limepona".

Jumamosi tarehe 14 nikaenda uwanja wa shule kuwaangalia vijana wa mtaani. Kuna kipa mdogo ana mikono mizuri ila hajui kurusha. Kila mpira anaupiga teke. Nikamwonyesha kurusha kwa kuviringisha chini. Salama. Nikamwonyesha tena. Salama. Kisha nikamwambia, "Sasa tazama unavyoanzisha mashambulizi," nikaurusha kwa juu, mkono nyuma ya kichwa, hadi karibu na mstari wa kati.

Kitu kikachanika ndani, kwa sauti ya kanga ya zamani. Jasho la baridi likanitoka. Kijana akasema, "Ticha, mpira umefika." Umefika, ndiyo.

Fikirini nilichofanya. Mkono umenyanyuka pembeni, kiwiko kimekunjwa, kiganja kimegeuka nje na nyuma. Huo ndio mkao unaolitoa bega. Ndio mkao wa Januari. Nimeupeleka huko kwa kasi, wiki ya tisa na nusu, huku mpira ukiwa mwisho wa nyenzo ndefu. Na mimi nafundisha nyenzo darasani.

Jana nimekwenda Dar bila miadi. Daktari amelipima upande huu na ule, akasema bega halijalegea na nanga anaamini zipo. Kilichoumia ni kano za juu ya bega, zimevimba kwa kubebeshwa kazi zisizoiweza. Nilibahatika. Akanichorea mistari miwili kwenye karatasi: maumivu yanashuka haraka wiki za mwanzo, lakini uimara wa gegedu kushikana na mfupa unapanda polepole mno. Mistari hiyo miwili inapishana kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, na katikati ya hapo ndipo watu wanapojiona wamepona. "Kutouma hakumaanishi limeshika," akasema. "Uzi ndio unaolishikilia sasa hivi. Uzi hauumi."

Adhabu: wiki mbili za kurudi kwenye pendulamu na kapi. Barafu dakika kumi na tano, iliyofungwa kwa taulo. Leo mstari wa chaki: 150. Nimeuandika chini ya ule wa Ijumaa, sikuufuta.

Nimejiwekea sheria moja, nayo imebandikwa juu ya kapi: sifanyi kitu chochote na mpira mpaka fizio aseme neno "mpira" kwa mdomo wake.

Gharama: kumwona daktari 30,000, nauli 26,000.

Jumanne, 1 Julai 2025. Tyubu

Wiki 12. Chaki 190. Ruhusa ya kuanza kujenga nguvu.

Mipira ya mazoezi ya dukani niliiona Dar, seti bei yake sikuipenda. Fundi baiskeli aliniuzia tyubu kuukuu mbili kwa 3,000. Nilizikata vipande vya upana wa sentimita 2, 3 na 4, nikafunga fundo kwenye komeo la dirisha.

Zoezi kuu: kiwiko kimebana ubavuni, unavuta tyubu kwa kugeuza mkono nje. Wiki yote nilikuwa nafanya bila faida, kwa sababu kiwiko kilikuwa kinakimbia mbavu na mgongo ndio uliofanya kazi. Fizio akanipa taulo iliyokunjwa niibane kati ya kiwiko na mbavu. Ikidondoka, hesabu inaanza upya. Siku ya kwanza ilidondoka mara kumi na moja.

Onyo moja: tyubu kuukuu ina mipasuko midogo isiyoonekana mpaka uivute. Ya kwangu ilikatika ikanichapa shavuni. Ivute kwa mikono miwili mbele ya mwanga kila kabla ya kuanza, na usikae usawa wake.

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Mizani

Jana Nanenane maveterani walikuwa na bonanza. Walinipigia simu mara nne. Nilikwenda, nikakaa upande wa pili wa uwanja, mbali na mipira inayotoka, mikono mfukoni kwa makusudi. Walifungwa nne.

Fizio anataka mkono wa kulia ufikie asilimia 90 ya nguvu za wa kushoto kabla ya kuanguka chini kwa aina yoyote. Hana mashine ya kupimia. Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza kuku wa kienyeji, nikaifunga dirishani, nikavuta kwa kugeuza mkono nje, kiwiko na taulo lake. Kushoto kilo 10. Kulia 7. Asilimia 70, na mimi nilidhani niko 95.

Tangu hapo napima kila Jumamosi kabla jamaa hajafungua banda. Ratiba: tyubu siku tatu kwa wiki, pushapu za ukutani kila siku. Chaki 208.

Jumamosi, 30 Agosti 2025. Shimo la mchanga

Wiki iliyopita mizani ilisoma 9 kwa kulia. Fizio amelitamka neno. Ila akasema kwanza tuondoe mpira kwenye neno hilo: nijifunze kuanguka.

Shule ina shimo la mchanga la kurukia chini. Nimelilima kwa jembe, nimetoa mawe na mifupa ya samaki. Ngazi zetu ni hizi: kupiga magoti na kujilaza ubavuni, kuchuchumaa na kujilaza, kusimama na kujilaza, kisha hayohayo na mpira. Kwa upande wa kulia, kila ngazi siku tatu bila maumivu ya asubuhi inayofuata.

Kushoto nilimaliza ngazi zote kwa siku moja. Kulia nilikwama ngazi ya kwanza. Ni kupiga magoti, kwenye mchanga, urefu wa kuanguka hata mtoto anayejifunza kutambaa angenicheka. Mwili ulikataa. Nikajisukuma, na mkono wa kulia ukatangulia, kiganja wazi, kuizuia ardhi. Mara tatu mfululizo. Hivyohivyo ndivyo nilivyoumia 2021.

Tulijaribu kufunga macho, ikawa mbaya zaidi. Tulijaribu kuhesabu hadi tatu, nikawa naruka kwenye mbili. Kilichofaa kilitoka kwa kipa mmoja mzee aliyekuwa anapita na baiskeli, akasimama kutazama. Akasema, "Mpe mkono kazi. Mkono usio na kazi unatafuta ardhi." Akaniagiza nikumbatie mpira kwa mikono yote miwili kabla ya kuanguka, mpira ndio ugonge mchanga kwanza, halafu mkono wa mbele, halafu ubavu. Kumbe tulikosea kuutoa mpira kwenye zoezi. Nilianguka mara nane kulia. Fizio hakufurahi sana, lakini alibadilisha ratiba yake.

Jumanne, 23 Septemba 2025. Wiki 24

Daktari ameridhika. Mizani 9.4. Chaki 219, yaani sentimita mbili chini ya kushoto. Kugeuza nje nako kumepungua kidogo, na amesema nisitegemee kurudi kote, kwa kuwa ligamenti zimekazwa. Mwamba wa goli uko mita 2.44 kutoka ardhini. Sentimita mbili nitazitafuta miguuni.

Nauli 26,000. Fizio mpaka leo mara 16 × 20,000 = 320,000. Jumla tangu Januari ni 2,399,500, bila bajaji za Dar na chakula, ambavyo sikuviandika.

Jumanne, 14 Oktoba 2025. Nyerere Day, dakika ishirini

Nimedaka. Dakika ishirini za mwisho, tulizokubaliana na kocha zisizidi hata tukiongoza. Nyasi zilikuwa na umande, kwa hiyo nilivaa jezi ya mikono mirefu na kaptura yenye sponji kiunoni.

Kona mbili: moja niliipiga ngumi kwa mikono miwili, nyingine niliiacha wakaokoa mabeki. Shuti moja la kushoto kwangu nililala nalo bila kufikiri. Goli tulilofungwa liliingia chini upande wa kulia, nami nilikunja goti tu. Lilikuwa linafikika. Beki wangu alisema halifikiki, ana adabu.

Dakika ya mwisho mpira mwingine ulikuja kulekule, dhaifu. Nikaukumbatia, nikaenda nao chini, kulia. Nilipoinuka nilikuta mkono wa kushoto umeshashika bega kulikagua, mpira nimeubana kwa kidevu, na refa ananiambia, "Ticha, cheza, muda unakwenda."

Kurusha kwa juu bado kumefungwa hadi Januari. Kwa sasa naanzisha kwa kuviringisha, au kwa mkono wa kushoto, ambao unafika mita kumi na tano ukiwa na siku nzuri. Tyubu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mizani Jumamosi. Muuza kuku ameanza kudai mayai yanunuliwe kwake.